Historia ya Soy Itegwe Kama Kitendawili

Katika uwanda wa Uasin Gishu, nchi ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikipokea watu na kuwasindikiza watu, tarikhi aghalabu humfikia raia kwa sura ya dai: fulani alitangulia, fulani alikuta, fulani alinunua, fulani alidhulumiwa, na kwa kuwa dai halina subira ya kulisikiliza dai jingine, kijana anayekulia Soy, Ziwa au Moi's Bridge huzipata habari za ardhi anayoikanyaga kwa kinywa cha mtu anayetafuta kura kabla hajazipata kwa kinywa cha mwalimu. Rai yangu ni kwamba kijana huyo anaweza kufikishiwa tarikhi ileile kwa sura ya swali, na kwamba njia mojawapo, iliyo nyepesi kwa gharama na nzito kwa manufaa, ni ule mchezo wa kusaka vikasha vilivyofichwa kwa msaada wa setilaiti, unaojulikana ulimwenguni kwa jina la jiokeshi, uchezwe kwa mafumbo yaliyotungwa kutokana na habari za mahali penyewe, kandokando ya mto Nzoia, pale upitapo chini ya daraja la Moi's Bridge katika eneobunge la Soy.

Mchezo huu umri wake ni mdogo, lakini asili yake ni ya zamani. Mwaka 1854 James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza wageni katika nyika za Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool ili kila aliyejaaliwa kufika aiache kadi yake humo. Na kutokana na chupa ile ukaenea mtindo wa kuficha masanduku madogo nyikani na kuyatafuta kwa dira na kwa maelezo ya kufumba. Karne moja na nusu ikapita. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani, chini ya Rais Bill Clinton, iliondoa upotofu uliokuwa ukitiwa kwa makusudi katika ishara za setilaiti za GPS, upotofu ambao ulimkosesha raia wa kawaida mahali alipo kwa kiasi cha mita 100 hivi. Kesho yake, tarehe 3, Dave Ulmer akaificha ndoo nyeusi porini karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo ya mahali ilipo, akawawekea watafutaji sharti la kuchukua kitu, kuacha kitu, na kuandika majina yao katika daftari. Leo vikasha vya namna hiyo vimezidi milioni 3 duniani, na vimefichwa katika takriban kila nchi, mijini na majangwani, makumbushoni na kando ya mito.

Kikasha chenyewe si kitu cha ajabu. Ni kopo lenye kifuniko kinachobana, ndani yake mna daftari, penseli, na pengine vitu vidogo vya kubadilishana. Hakifukiwi ardhini, kwa kuwa kuchimba ni mwiko wa mchezo. Huwekwa katika shina la mti, nyuma ya jiwe, au chini ya ukingo wa ngazi, kwa idhini ya mwenye mahali. Vipo vikasha ambavyo mahali pake hutangazwa waziwazi, na vipo vingine, navyo ndivyo ninavyovitetea hapa, ambavyo mahali pake hufungwa kwa fumbo, asiweze mtu kupajua mpaka amelifumbua. Tuseme kikaratasi cha fumbo kimeitaja latitudo yote ya mahali kilipo kikasha, isipokuwa tarakimu 3 za mwisho za dakika, na badala ya tarakimu hizo kimeweka maswali 3. La kwanza: Wazayuni walipoahidiwa nchi ya uwanda huu, waliwatuma wajumbe wangapi kuja kuikagua? La pili: mwaka ambao reli ilifika Kitale unaishia kwa tarakimu gani? La tatu: mji wa Eldoret ulipokuwa bado ni kipande cha shamba, ulijulikana kwa nambari; tarakimu ya pili ya nambari hiyo ni ipi?

Majibu ni 3, 6 na 4. Dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,852 juu ya ardhi, kwa hiyo sehemu yake ya elfu moja haifiki mita 2. Mtoto aliyekosea tarakimu ya mwisho kwa moja atasimama hatua mbili tatu kando ya kikasha, na macho yake yatamwokoa. Lakini aliyekosea tarakimu ya kwanza kwa moja atatupwa mbali kwa mita 185, pengine katikati ya shamba la mahindi la mtu, wala hatakuwa na budi ila kurudi nyuma, kuuliza upya, na kusoma upya. Somo la darasani humsamehe mwanafunzi aliyekariri bila kuelewa, maadamu amejibu siku ya mtihani, lakini ardhi haimsamehe. Hapa ukweli wa tarikhi unapimwa kwa miguu, na kosa la mwaka mmoja huonekana kwa macho. Tena, katika mchezo huu huo mtoto anafanya hisabu, anajifunza jiografia ya nchi inayopitwa na ikweta, na anaisoma tarikhi ya kwao, mambo matatu ambayo mtaala wa umilisi unahimiza yafundishwe kwa vitendo, na ambayo walimu wengi wanalazimika kuyafundisha kwa chaki peke yake.

Tena kila moja katika maswali yale 3 lina habari ndefu nyuma yake. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alipendekeza kwamba Wayahudi waliokuwa wakikimbia mateso katika dola ya Urusi wapewe nchi katika uwanda huu wa Uasin Gishu. Jumuiya ya Wazayuni ikawatuma watu 3, Alfred St. Hill Gibbons, Alfred Kaiser na Nahum Wilbusch, ambao waliuzunguka uwanda mwanzoni mwa mwaka 1905. Na mwaka huohuo mkutano wa saba wa Wazayuni, uliokutana mjini Basel, ukalikataa pendekezo lile. Hivyo hatima ya nchi hii ilijadiliwa London, ikaamuliwa Basel, na aliyeishi Sergoit au kando ya Nzoia hakuulizwa neno. Ni vijana wangapi wa Soy wanaojua kwamba malisho wanayoyaona yakigeuka mashamba ya ngano na mahindi yaliwahi kuwa ajenda ya mkutano wa Ulaya? Na je, kijana aliyelijua hilo hatakuwa mwangalifu zaidi siku atakapomsikia mtu akigawa ardhi kwa ulimi?

Baada ya Wazayuni kukataa, wakaja wengine. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jan van Rensburg, ulishuka Mombasa kutoka katika meli iliyoitwa Windhuk, ukapanda reli hadi Nakuru, ukaendelea kwa magari yaliyokokotwa na ng'ombe kupitia misitu na matope mpaka Sergoit. Mashamba yakapimwa na kupewa nambari, na katika shamba nambari 64, kando ya mto Sosiani, ikafunguliwa posta mwaka 1910. Mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret, ijapokuwa mpaka leo wenyeji huuita mji huo Sisibo, na kwa jina hilo lugha ya mitaani imehifadhi nambari ambayo ramani imekwisha kuisahau. Wenyeji husimulia pia kwamba benki ya kwanza ya mji ilijengwa mahali ilipojengwa kwa sababu sanduku la chuma la kuhifadhia fedha lilianguka hapo kutoka garini, likawa zito mno kunyanyuliwa, basi ukuta ukajengwa kulizunguka. Habari kama hii inafaa sana katika fumbo, kwa kuwa inamfundisha kijana kutofautisha masimulizi na ithibati: alipende simulizi, walakini ajue pia kuuliza lilitoka wapi, nani alikuwa wa kwanza kulisimulia, na iko wapi hati inayolithibitisha.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na tawi lake likafika Kitale mwaka 1926, likipita mahali ambapo wakati huo paliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la Arthur Cecil Hoey, mwindaji aliyegeuka mlowezi na kujenga daraja juu ya Nzoia. Baada ya uhuru pakaitwa Moi's Bridge. Hapo pana kitendawili kilichokwisha kutegwa na tarikhi yenyewe: mto ni uleule, kivuko ni palepale, jina limehama, ni wapi? Msafiri wa matatu kutoka Eldoret kwenda Kitale hulivuka daraja kwa muda usiotosha kumaliza sentensi, akaona maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, akaona maduka na bodaboda, akapita. Wala hakuna kitu cha kumwambia kwamba maji anayoyavuka yameteremka kutoka milima ya Cherang'any, yatapita Webuye yenye maporomoko yake, yatazunguka mashamba ya miwa ya Mumias, na mwisho yataingia Ziwa Viktoria huko Bunyala, ambako mto huuhuu katika miaka ya mafuriko huwatoa watu majumbani. Mtoto wa Moi's Bridge anayeutupia mto taka anamtupia mtoto wa Bunyala. Na hilo nalo ni fumbo linalofaa kutegwa ukingoni, mahali ambapo jibu linapita mbele ya macho.

Nyuma ya Makaburu na Waingereza wapo watu ambao hawakuacha posta wala reli. Uwanda huu umechukua jina la Wamaasai wa Uasin Gishu, waliokuwa na mifugo yao hapa kabla ya vita vya Wamaasai kwa Wamaasai vya karne ya kumi na tisa kuwatawanya. Na Wanandi na Wakalenjin wengineo wanasimulia kwamba kabla yao waliishi Wasirikwa, ambao mashimo yao ya duara yamesalia mbugani na vilimani katika nchi za juu za magharibi mwa Kenya. Wataalamu wa mambo ya kale, tangu Mary Leakey alipochimbua Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka 1937 na 1938 hadi John Sutton aliyezunguka nyanda hizi baada yake, wamezichunguza athari hizo, na Sutton akaonyesha kwamba mashimo mengi yalikuwa mazizi ya ng'ombe, yenye nyumba za wachungaji pembeni. Msako wa mafumbo ukianzia kwa Hoey na kuishia kwa reli utakuwa umewasaliti watoto wetu. Hauna budi kumrudisha mtafutaji nyuma mpaka kwa Msirikwa asiyejulikana jina, aliyechimba zizi lake kwa mikono na kuacha alama iliyomzidi umri mara nyingi.

Na Soy penyewe pana habari ambayo haikosi kumgusa mtoto. Twiga wa Rothschild, wale wenye miguu myeupe chini ya magoti mithili ya waliovaa soksi, walikuwa wamebaki wachache mno nchini Kenya, na waliosalia waliishi katika ranchi ya ekari 18,000 hapa Soy. Serikali ilipoinunua ranchi ili kuwapa watu makao, haja ambayo hakuna mwenye insafu atakayeibeza, twiga wakawa hawana pa kwenda. Mnamo mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville walimchukua ndama aliyeitwa Daisy na kumlea nyumbani kwao Lang'ata, Nairobi. Wengine baadaye wakahamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru na kwingineko. Na mwaka 1983 kikafunguliwa Lang'ata kituo ambacho hadi leo watoto wa shule huenda kuwalisha twiga kwa mikono. Mtoto wa Soy akienda Nairobi kwa basi la shule na kulipa kiingilio, anamtazama mnyama ambaye babu zake walitembea mahali ambapo sasa ni shamba la baba yake. Jambo hili linastahili kufumbwa, kwa sababu haliegemei upande mmoja: watu walihitaji ardhi, twiga walihitaji ardhi, na uamuzi uliofanywa una wema wake na hasara yake, na kijana anayelifikiri jambo la namna hiyo anajifunza kupima.

Huenda mtu akauliza: kwa nini tusiweke vibao tu, tukaandika habari hizi, tukamaliza? Vibao navyo ni vyema, lakini kibao humpa mtu jibu kabla hajauliza, na mtu hulithamini kwa nadra jibu ambalo hakulitafuta. Wazee wetu walilijua hili zamani. Pwani, mtegaji husema "Kitendawili!", wenziwe huitikia "Tega!", na asiyeweza kutegua hutozwa mji, akautaja Mombasa au Lamu au mwinginewe, ndipo aambiwe jibu; hapakuwa na jibu la bure. Bara nako mambo yalikuwa hivyohivyo: Alfred Claud Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909, aliviandika vitendawili vyao pamoja na methali zao, na ni dhahiri kwamba watoto wa nchi hii walikuwa wakifunzwa kufikiri kwa kutegewa muda mrefu kabla setilaiti haijarushwa mbinguni. Kwa hiyo anayesema kwamba msako huu ni mchezo wa kigeni amekiona chombo, hakuiona roho yake. Chombo kimetoka Oregon, lakini kutega na kutegua ni mali yetu.

Ipo sababu nyingine, nami ndiyo ninayoiweka mbele ya zote. Kaunti hii ndiyo iliyoshuhudia, tarehe 1 Januari 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa likichomwa moto watu wakiwa ndani, wanawake na watoto waliokimbilia humo kwa kudhani kwamba nyumba ya ibada ina hifadhi. Sitaki kusema kwamba mchezo wa vikasha unaweza kuzuia balaa la namna hiyo. Kusema hivyo ni kuwakosea heshima waliokufa. Nasema tu kwamba chuki ile ililishwa kwa tarikhi iliyosimuliwa nusunusu, kila upande ukishika kipande chake na kukiita kitabu kizima, na kwamba watoto wa Mkalenjin, wa Mkikuyu, wa Mluhya na wa Mturkana, wakipewa fumbo moja ambalo jibu lake halipatikani ila kwa kuunganisha habari za Msirikwa, za Mmaasai, za mlowezi, za mkulima aliyepewa makao na za mfanyakazi wa reli, watakuwa wameonja, ingawa kwa saa chache, tarikhi iliyo kamili. Daftari lililomo ndani ya kikasha litawataja wote kwa majina yao, mmoja chini ya mwingine, kwa utaratibu wa kufika peke yake.

Lakini kazi hii ina hadhari zake, na mtu anayeitetea bila kuzitaja hatendi haki. Kwanza ni usalama. Nchi yetu imepata majeraha ya ugaidi, na kopo lililofichwa bila taarifa laweza kuwatia watu hofu. Hata Uingereza, katika mji wa Wetherby mwaka 2011, kikasha cha mchezo huu kilisababisha wataalamu wa mabomu kuitwa na mtaa kufungwa. Kwa hiyo chifu na polisi sharti wajulishwe, kikasha kiwe cha plastiki angavu, kionyeshe kwa herufi kubwa ni kitu gani na ni cha nani, na kisiwekwe karibu na nguzo za daraja wala kituo cha reli. Pili ni mto. Nzoia katika masika si wa kuchezewa, na mtunzi wa msako mwenye busara ataviweka vikasha juu kwenye ukingo, mbali na maji, na kuufunga msako mzima wakati mto umejaa. Tatu ni tamaa. Tanzania watu wamechimba kuta na makaburi wakitafuta mali inayodaiwa kufichwa na Wajerumani, na wameharibu athari zisizorudishika. Sisi nasi tusipoeleza vizuri, neno hazina litamfanya mtu achukue jembe. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuchimbua athari za kale bila leseni, na kwa sababu hiyo kikasha kamwe kisiwekwe ndani ya shimo la Wasirikwa wala katika kaburi. Fumbo liwapeleke watoto mahali pa kuyatazama mashimo, kisha kikasha kiwe kwingine.

Nne ni umaskini, nao ndio unaotajwa haraka na wengi. Ni kweli kwamba si kila mtoto wa Soy ana simu janja, wala haifai awe nayo. Lakini msako huchezwa kwa makundi, na simu moja ya mwalimu inatosha watoto wengi. Ishara ya setilaiti haidai bando wala mtandao, maana inashuka kutoka kilomita zaidi ya 20,000 juu bila kumtoza mtu senti. Na panapokosekana hata simu moja, yale maelezo ya zamani ya Dartmoor, ya dira na hesabu ya hatua, bado yanafanya kazi. Shule moja inaweza kuanza na vikasha vitano, madaftari matano na penseli tano, na gharama yake yote haitafika nauli ya safari moja ya darasa kwenda Nairobi.

Nani basi afanye kazi hii? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma na bustani za kaunti, kwa hiyo Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu haina haja ya kusubiri idhini ya Nairobi ili itenge ukingo mmoja wa Nzoia, au kwa kuanzia ukingo wa Sosiani katika jiji la Eldoret, uwe bustani ya kumbukumbu iliyopandwa miti ya asili na kusafishwa. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Moi wapo Kesses; wakiombwa wahakiki kila tarehe na kila jina kabla fumbo halijatangazwa, sidhani watakataa. Wazee wapewe nafasi ya kwanza kusimulia, na masimulizi yao yaandikwe na kutajwa kuwa ni masimulizi. Walimu wa Kiswahili na wa Masomo ya Jamii watunge mafumbo pamoja. Na vijana wa vidato, ambao simu wanazijua kuliko sisi, wapewe jukumu la kuvitunza vikasha, kubadilisha madaftari yaliyojaa na kuokota taka. Wawakilishi wa wadi za Moi's Bridge, Soy, Ziwa na Kipsomba wajiulize kama katika bajeti za miaka ijayo hapawezi kupatikana fungu dogo kwa ajili hiyo, miongoni mwa fedha za barabara na zahanati ambazo sisi sote tunazihitaji.

Lipo sharti moja ambalo natamani lisivunjwe. Fumbo lisitungwe na upande mmoja. Likitungwa na wazee wa kabila moja tu, au na mwanasiasa mmoja, au na mtu anayetafuta watalii peke yao, litakuwa dai lile lile la zamani limevishwa nguo mpya, na watoto watalitambua upesi. Kila kikasha kiwe kimekubaliwa na kikao cha watu wasiofanana, na kila swali liwe na jibu linaloweza kuthibitishwa katika kitabu, katika hati, au katika ardhi yenyewe. Hapo ndipo msako utakapokuwa chuo, si tamasha la siku moja la kupigwa picha na kusahauliwa.

Nawe msomaji, ikiwa unaishi Soy au umezaliwa huko, huna haja ya kuingoja kaunti. Mtafute mwalimu mmoja wa shule iliyo karibu nawe, mtafute mzee mmoja anayekumbuka wakati Moi's Bridge ilipoitwa Hoey's Bridge, muandike maswali matano yenye majibu ya kweli, muombe idhini ya mwenye shamba na ya chifu, kisha muwatoe watoto nje ya darasa wakayatafute.